Biti, Baiti na Mto Mkondoa



Katika mkutano wa mwisho wa chama chetu cha wanafunzi wa zamani, kamati ilituletea mpango mzuri. Leja za wanafunzi, picha za madarasa na daftari za michezo tangu siku za mwanzo za shule zimekwisha kupitishwa kwenye skana, nazo zimejaza gigabaiti 60. Kamati ikapendekeza zipelekwe kwa intaneti kwenye hifadhi ya mbali, ili mchwa, moto na mafuriko visizifikie. Mwenzetu mmoja akasimama, akasema laini ya shule ni ya “mega 4”, kwa hiyo kazi itakwisha kwa saa 4 na dakika 10. Ukumbi ukapiga makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kazi ile itachukua saa 33 na dakika 20, tena kama laini haitapumzika hata sekunde moja. Baadhi ya wenzangu wakacheka, wakidhani mzee amekwisha kuchoka. Ndugu Mhariri hakucheka. Alinifuata wakati wa chai, akaniomba niandike jinsi nilivyopata jibu langu. Nimekubali, lakini siwezi kulieleza bila kusimulia historia kidogo ya nyaya za Kilosa na Mikumi, na bila kukiri kosa nililolifanya Kilosa mwaka 2009. Kosa hilo ni ndugu wa damu wa kosa lililopigiwa makofi ukumbini.

Jibu lisilo na kipimo

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1974. Kama wengi wa rika langu nilikuja kwa treni, nikiwa na waranti, sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba. Tuliteremka Kilosa alfajiri. Wale waliotoka upande wa Mikumi walikuja kwa treni ya tawi, nao walijiona wenyeji, wakatucheka sisi tuliosinzia.

Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na sheria moja isiyovunjika. Ukiandika “12” bila kusema ni 12 za nini, unapata sifuri, hata kama 12 yenyewe ni sahihi. “Jibu lisilo na kipimo si jibu,” alisema, na kalamu nyekundu ikapita. Tulimnung'unikia bwenini. Tuliona anatuonea, maana kila mtu darasani alijua kuwa ni kilometa. Ilinichukua miaka thelathini na mitano kuelewa kwamba watu wawili wanaweza kujua vipimo viwili tofauti, kila mmoja akiamini kuwa mwenzake anajua chake.

Waya uliofuata reli

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kuendelea bara, hata ikafika Kigoma mwaka 1914. Pembeni ya reli zilisimama nguzo, na juu ya nguzo ulipita waya. Reli ya njia moja haiendeshwi bila waya. Hapana budi stesheni hii iiambie ile kwamba treni imeondoka, ama sivyo mbili zitakutana kichwa kwa kichwa. Kwa hiyo Kilosa ilipata habari za waya mapema sana, kabla ya miji mingi iliyo mikubwa kuliko yenyewe leo.

Kasi ya waya ule ilikuwa kasi ya mkono wa mtu. Mpiga Morse hodari alituma kiasi cha maneno 20 kwa dakika, na ukihesabu herufi tano kwa neno, hizo ni herufi 100. Chukua ukurasa mmoja uliopigwa taipu wenye herufi 2,000. Kwa Morse ungechukua dakika 20. Naomba msomaji aushike ukurasa huo mkononi, maana tutasafiri nao.

Baada ya mkono wa mtu zikaja mashine. Mfaransa Émile Baudot alitengeneza katika miaka ya 1870 utaratibu wa kuandika kila herufi kwa alama tano zenye urefu sawa. Kutokana na jina lake tumepata neno “bodi”, yaani idadi ya alama zinazopita katika waya kwa sekunde moja. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mashirika yake ya reli na ya posta na simu yakagawanywa. Baadaye nilipata nafasi ya mafunzo ya ufundi wa simu, na huko ndiko nilikozikuta mashine za teleksi. Zilipiga kelele kama mvua juu ya bati, na kasi yake ilikuwa bodi 50.

Hapo ndipo nilipofundishwa kwa mara ya kwanza kugeuza kasi ya laini kuwa kasi ya maandishi. Nilifanya haraka: alama 50 kwa sekunde, herufi moja alama 5, basi herufi 10 kwa sekunde. Mkufunzi akatikisa kichwa. Kila herufi ya teleksi ina alama ya kuanzia inayoiamsha mashine ya upande wa pili, na ya kumalizia yenye urefu wa alama moja na nusu. Jumla ni alama 7.5 kwa herufi. Ukigawa 50 kwa 7.5 unapata herufi 6 na theluthi mbili kwa sekunde, yaani 400 kwa dakika. Ukurasa wetu ukachukua dakika 5.

Nawaomba vijana wasiipite hesabu hiyo mbio, maana ndani yake mna somo lote. Kasi ya laini si kasi ya mzigo. Sehemu ya laini huliwa na vifungashio, na namba ya kugawia si ile ya kwanza inayokujia kichwani.

Kidatu, mahali reli mbili zinapokutana

Kabla sijaingia kwenye kompyuta, twende kusini kwa treni ya tawi. Reli ya Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu ilikamilika katika miaka ya 1960, nayo ni mtoto wa Reli ya Kati: upana wake ni milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, upana wake ni milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na nchi za kusini. Hizi mbili zinakutana Kidatu. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne hivi, lakini behewa la huku haliwezi kupita kule. Mwaka 1998 kilifunguliwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la nyingine.

Mtu anayepanga safari ya mzigo kupitia Kidatu akitazama kasi ya treni peke yake atakosea. Lazima aulize: pale katikati, gunia ngapi zinahamishwa kwa saa? Hata treni ya kule iwe na kasi ya risasi, itasubiri gunia la mwisho. Siku hizi imeongezeka reli ya tatu, ile ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kupitia Kilosa. Mkoa mmoja wa Morogoro, reli za vipimo vitatu. Mwalimu wetu angefurahi, angetutungia swali la mtihani.

Kati ya laini ya simu na diski ya kompyuta pana Kidatu yake. Upande mmoja wapo watu wa simu, upande wa pili wapo watu wa diski, na kila upande ulikua na kipimo chake.

Watu wa simu walihesabu debe

Biti ni alama moja, ndiyo au hapana, sifuri au moja. Watu wa simu wamehesabu biti tangu mwanzo, kwa sababu waya hupitisha moja baada ya nyingine kama watu wanaopita mlango mwembamba. Simu za sauti zilipoanza kubadilishwa kuwa tarakimu, mafundi walikubaliana kuipima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila pimo kwa biti 8. Zidisha, utapata biti 64,000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti moja ya simu, kilobiti 64, namba iliyotawala maisha yangu ya kazi.

Ulaya walifunga sauti 32 za namna hiyo katika laini moja kubwa: 30 za mazungumzo, moja ya kupanga foleni na moja ya ishara za simu. Jumla yake ni kilobiti 2,048 kwa sekunde. Marekani walifunga 24 na kuongeza kilobiti 8 za kupangia, wakapata 1,544. Sisi tulifuata mpango wa Ulaya. Ndiyo maana fundi wa simu Tanzania akisema “mega mbili” mafundi wenzake huelewa laini hiyo bila maelezo zaidi.

Watu wa diski walihesabu gunia

Kompyuta zilichelewa kutufikia. Serikali iliweka ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, mwaka nilioingia kidato cha kwanza, uingizaji wake nchini ulipigwa marufuku. Kwa hiyo wengi wetu tulikutana na diski tukiwa watu wazima wenye ndevu.

Watu wa diski hawakuona faida ya kuhesabu biti moja moja. Herufi moja ilihitaji biti 8, na furushi hilo wakaliita baiti. Basi baiti ni gunia, biti ni debe, na gunia hili lina debe nane. Ukubwa wa diski ukaandikwa kwa baiti, na baadaye kasi ya mkanda unaounganisha diski na mashine nayo ikaandikwa kwa baiti. Nasema baadaye, kwa sababu mwanzoni mambo yalichanganyika. Flopi ile ngumu ya megabaiti 1.44 ilisomwa kwa kilobiti 500 kwa sekunde. Diski ngumu ya ST-506 ya mwaka 1980, iliyokuwa na megabaiti 5 tu, ilisomwa kwa megabiti 5 kwa sekunde. Lakini mkanda mpana wa IDE, tulioujua katika kompyuta za ofisini, ulihesabiwa kwa megabaiti: 3.3 kwa sekunde katika hatua yake ya chini kabisa, 16.6 katika hatua ya juu ya utaratibu ule wa kwanza, kisha 33, 66, 100 na 133.

Mwaka 2003 ukaja mkanda mwembamba wa SATA, nao ukarudi kwenye biti: gigabiti 1.5 kwa sekunde. Hapa wengi hugawa kwa 8 wakapata megabaiti 187.5, wakakosea. Katika SATA kila baiti husafiri kwa biti 10, kwa kuwa mbili zaidi hutumika kuweka mapigo ya laini sawa. Gawa kwa 10, utapata megabaiti 150. Je, si yale yale ya teleksi? Modemu za zamani nazo zilikuwa hivyo: biti 8 za herufi, moja ya kuanzia, moja ya kumalizia, jumla 10. Modemu ya biti 9,600 ilipitisha herufi 960 kwa sekunde, si 1,200.

Turudi kwenye ukurasa wetu wa herufi 2,000. Kwa Morse dakika 20. Kwa teleksi dakika 5. Kwa modemu ya biti 300, sekunde 67. Kwa ile ya 9,600, sekunde 2. Kwa laini moja ya kilobiti 64, ukigawa kwa 8, robo ya sekunde. Kwa “mega mbili”, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Mtu aliyeona yote hayo katika maisha yake anasamehewa akidhani laini mpya haina mwisho. Dhana hiyo ndiyo iliyoniponza.

Usiku wa Kilosa

Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umefika Dar es Salaam, na uwezo wake uliotangazwa ulikuwa terabiti 1.28 kwa sekunde. Nilikuwa nimekwisha kuacha kazi ya kuajiriwa, nikiishi kwa kutengeneza kompyuta za watu kati ya Mikumi na Kilosa, mara kwa pikipiki, mara kwa basi. Mmoja wa wateja wangu Kilosa alikuwa chama kidogo cha akiba na mikopo. Kompyuta yao ilikuwa kuukuu, na diski yake ilikuwa ya mkanda wa IDE. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wanachama na picha za stakabadhi zao tangu mwaka 1998, jumla megabaiti 400.

Mwishoni mwa Desemba mvua ilikuwa kubwa milimani, na Mto Mkondoa ulikuwa umejaa. Katibu wa chama akanipigia simu nije tuhifadhi nakala mbali na Kilosa. Nilifika saa kumi jioni. Walikuwa na laini ya data iliyoandikwa “128 kwa sekunde”, na Dar es Salaam kulikuwa na mashine ya kupokea.

“Fundi, itachukua muda gani?” katibu aliuliza.

“Haifiki saa moja, mama,” nikasema.

Niligawa 400,000 kwa 128, nikapata sekunde 3,125, dakika 52. Nilikuwa na miaka thelathini katika kazi hii. Sikuandika kipimo. Zile 128 zilikuwa kilobiti, nami nikazihesabu kilobaiti. Hesabu ya haki ni hii: megabaiti 400 ni biti 3,200,000,000, gawa kwa 128,000, utapata sekunde 25,000, yaani karibu saa 7. Na hapo hatujaondoa vifungashio.

Saa kumi na moja nilitazama, nikaona haijafika hata sehemu ya saba. Sikuirudia hesabu yangu. Niliilaumu laini, tena kwa sauti, mbele ya katibu. Laini ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inapitisha kile hasa ilichoahidi. Nikasema itachangamka watu wakifunga ofisi. Tukangoja. Saa moja usiku umeme ukakatika. Usiku ule maji yaliingia mjini, na asubuhi ofisi ile ilikuwa na tope lililofika juu ya meza.

Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yanajulikana. Maelfu walihama nyumba zao, na Reli ya Kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe. Mbele ya msiba huo kompyuta moja si kitu. Lakini kwa wanachama wale ilikuwa kitu. Zilizofika Dar es Salaam zilikuwa kumbukumbu za mwaka 1998 hadi 2001 na kipande cha 2002. Za miaka saba iliyofuata zilikwenda na tope. Waliokuwa na stakabadhi za karatasi walizileta na kuandikwa upya. Lakini wengi karatasi zao zilikuwa katika nyumba zilizochukuliwa na mto ule ule. Namkumbuka mama mmoja muuza samaki aliyetaja kila mchango wake kwa mwezi, bila kusita, na hakukuwa na mahali popote pa kumthibitishia. Chama kilimlipa sehemu, kwa huruma. Haikuwa huruma aliyoistahili. Ilikuwa haki yake.

Sasa sikieni lililoniuma zaidi. Mfukoni nilikuwa na flashi ya gigabaiti 1. Kompyuta ile ilikuwa na tundu la USB la zamani, la megabiti 12 kwa sekunde. Gawa kwa 8, ni megabaiti 1.5; toa vifungashio, sema megabaiti 1 tu. Megabaiti 400 zingeingia mfukoni mwangu kwa sekunde 400, chini ya dakika 7. Mkanda wa IDE, hata katika hatua yake ya chini kabisa, ungeweza kuzitoa kwa dakika 2, kwa hiyo diski isingechelewesha lolote. Dakika saba kwa flashi, saa saba kwa laini. Ningeligawa sawasawa, ningelijua ni ipi ya kuchagua kabla jua halijazama.

Nimefanya na hesabu ya basi, ijapokuwa ilinichukua miezi kupata moyo wa kuifanya. Mtu akipanda basi Kilosa na flashi hiyo mfukoni, akafika Dar es Salaam baada ya saa 6, amesafirisha biti 3,200,000,000 kwa sekunde 21,600. Hizo ni kilobiti 148 kwa sekunde. Basi la vumbi lilikuwa na kasi kuliko laini yetu. Na waya wa SEACOM uliokwisha kufika pwani ulikuwa na kasi mara milioni 10 ya laini ile ile, lakini haukutusaidia chochote, kwa sababu kati yake na sisi palikuwa na Kidatu.

Kilo ya lumbesa

Limebaki jambo moja dogo linalowatatiza vijana. Watu wa simu wakisema kilo wana maana ya 1,000. Watu wa diski na kumbukumbu mara nyingi walisema kilo wakiwa na maana ya 1,024, kwa sababu kompyuta huhesabu kwa kuzidisha mbili mbili. Kila mkulima wa Kilosa anaijua hila hii: ni lumbesa. Gunia linaitwa gunia, lakini juu pana kichwa cha ziada kilichoshonewa kamba.

Flopi ya “megabaiti 1.44” ndiyo kichekesho kikubwa. Ndani yake mna baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024. Si mega ya watu wa simu wala si mega kamili ya watu wa diski. Ni nusu lumbesa. Kuipeleka flopi hiyo yote kwa modemu ya biti 9,600 ilichukua sekunde 1,536, dakika 25 na nusu. Mwaka 1998 wakuu wa vipimo duniani walitoa majina mapya, kibibaiti na mebibaiti, kwa vile vya 1,024, ili kilo ibaki kuwa 1,000. Wengi bado hawayatumii. Hata hivyo lumbesa katika kilo ni asilimia 2.4 tu, katika mega karibu 5, katika giga zaidi kidogo ya 7. Anayesahau lumbesa atachelewa dakika chache kwa saa. Anayechanganya debe na gunia atachelewa mara nane.

Maneno kwa vijana mnaosoma sasa

Mnaweza kusema haya ni mambo ya wazee wa nyaya na flopi. Tazameni simu zenu. Kifurushi huuzwa kwa baiti, lakini kasi ya mtandao hutangazwa kwa biti. Kifurushi cha gigabaiti 1, kwenye laini inayotoa megabiti 20 kwa sekunde, huisha kwa sekunde 400 ukipakua bila kupumzika. Mwenye kujua hilo hashangai kifurushi kikiisha kabla chai haijapoa, wala hamwiti mtu mwizi kabla ya kugawa.

Basi kila mkabidhiwapo kazi ya kuhamisha kumbukumbu, fanyeni haya kwa mpangilio. Kwanza, andikeni kipimo pembeni ya kila namba, biti au baiti. Pili, geuzeni zote ziwe biti, au zote ziwe baiti, kabla ya kugawa. Tatu, ulizeni vifungashio: laini hii hutumia biti ngapi kubeba baiti moja, 8 au 10? Nne, tafuteni Kidatu, yaani mahali penye mwendo mdogo kuliko pote, maana safari nzima itakwenda kwa mwendo huo. Tena kumbukeni kwamba laini nyingi hupokea haraka kuliko zinavyotuma. Tano, saa moja ikipita na kazi haijafika mahali ulipotarajia, rudia hesabu yako kabla ya kuilaumu laini.

Kuhusu leja zetu, jibu langu la mkutanoni limetoka hapo. Gigabaiti 60 ni megabiti 480,000. Laini ya shule ni megabiti 4. Sekunde 120,000, saa 33 na dakika 20. Mwenzetu aligawa 60,000 kwa 4, akapata sekunde 15,000. Kugawa kwake kulikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni kipimo.

Kamati imenielewa, na imeamua kumbukumbu zote zinakiliwe kwanza kwenye diski mbili za nje. Kwa tundu la USB 2.0, ambalo kwa maandishi ni megabiti 480 na kwa kweli hutoa nusu yake hivi, ni kazi ya kiasi cha nusu saa na ushee kwa kila diski. Moja itabaki shuleni, ya pili mwanachama ataibeba kwa basi hadi Dar es Salaam. Baada ya hapo laini ipewe muda wake, hata wiki nzima, bila mtu kuikimbiza. Nimeomba niwe mimi wa kubeba ile diski ya pili, na wenzangu wamenikubalia.

Mwalimu wetu wa hisabati hatunaye tena. Mkipita katika chumba chetu cha zamani, vijana, na mkaona ubao, andikeni namba yoyote mtakayo. Kisha andikeni na kipimo chake.